Resi ya chuma kwa njia zote: miezi 14 ya lami, kichanga na asali hapa Tabora

Nianze na mzani. Pale sokoni kuna jamaa ananunua asali kwa ndoo, ana ule mzani wa kuning'iniza kwenye mti, nikamwomba tuipime baiskeli yangu manake muuzaji aliniambia kilo 11 na mimi nilikuwa siamini. Tukapitisha kamba kwenye fremu ikaning'inia, mshale ukasimama kilo 13 na nusu, hapo ina keria ya nyuma, madigadi mbili na chupa tupu. Alafu kwa udadisi tukaning'iniza na Phoenix ya mzee mmoja aliyekuwa ameleta asali yake, ile ya 28 yenye keria ya kuchomelea, ikagonga 24. Mzee akaizunguka ya kwangu taratibu, akaminya tairi kwa dole gumba, akashika ule usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, hii inabeba nini?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi tu, ila swali lake limekaa kichwani na ndo limenifanya niandike yote haya, manake ndo swali la kwanza mtu wa huku anatakiwa ajiulize kabla hajatoa hela yake kununua resi ya kwenda kila mahali. Mtandaoni wanabishana kuhusu uzito na idadi ya gia na rangi. Hapa Tabora mimi naona mambo ni mawili: tairi la upana gani linaingia kwenye ile fremu, na je fundi wa chini ya mwembe anaweza kuitengeneza ikiharibika. Mengine yote yanafuata nyuma.

Mimi nakaa Isevya na kazi yangu ni ya asali, naenda kwa wafugaji nyuki upande wa Sikonge na mara nyingine Ulyankulu, naangalia mizinga, nachukua sampuli, narudi. Mjini hapa nazunguka kila siku. Na kila kiangazi napenda kutoka safari moja ndefu ya siku kadhaa. Kwahiyo nilitaka baiskeli moja ifanye yote matatu, lami, njia za porini na safari na mizigo, na sikutaka pikipiki kwa sababu mafuta yanakula faida yote ya asali.

Kabla ya hii nilikuwa na mbili. Ya kwanza resi nyembamba kabisa, tairi za milimita 23, kwenye lami ya Sikonge ilikuwa inaruka kama swala lakini ukitoka nje ya lami mita 50 tu ringi la mbele linajichimbia kwenye kichanga unashuka unasukuma, na anayeijua Tabora anajua kichanga chetu, kile cheupe laini kinachokaa katikati ya njia kama unga. Nikaiuza. Nikachukua mountain ya 26 yenye shokapu mbele, mchangani ilikuwa safi sana, ila siku ya kwenda Sikonge kilomita 70 na zaidi kwa lami, usukani ule wa kunyooka unakupa sehemu moja tu ya kushika, viganja vikafa ganzi mpaka nilipofika sikuweza kufungua kifuniko cha ndoo. Na ile shokapu kwenye lami inabonyea bure tu kila ukikanyaga, nguvu zako zinaishia humo.

Hii ya sasa nimeipata Dar kwa mtu anayeuza za mtumba, laki 8 na nusu. Jina la kampuni silijui mpaka leo manake ilishapakwa rangi upya, kijani iliyopauka, kilichobaki ni kibandiko kidogo kimeandikwa 4130 chini ya tandiko. Hiyo namba kwa asiyejua ni aina ya chuma, kromoli, chuma chenye kromiamu na molibdenamu ndani yake, kinakuwa kigumu kuliko chuma cha kawaida kwahiyo mabomba yanatengenezwa membamba na fremu inakuwa nyepesi bila kupoteza nguvu. Kibandiko mtu anaweza kubandika chochote, nikaigonga kwa kucha, ikalia ting kali kama kengele ndogo, alafu nikajaribu sumaku ikanata. Nikalipa.

Ilikuja na basi. Basi gani sitaji, ila waliilaza ubavu wa gia chini ya magunia, na ilipofika hapa gia ya nyuma ilikuwa imepinda kuingia ndani, ukiweka gia nyepesi inagusa spoku. Nilikasirika mno. Nikaikokota mpaka kwa fundi wangu pale Isevya, mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza za 28, nikamsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba, na kabla sijaeleza chochote alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya baiskeli anaangalia.

Sasa alichofanya nakieleza vizuri kwa sababu ndo siku niliyoelewa kwanini chuma. Ile gia ya nyuma inashikwa na kijikono kidogo kilicho mwisho wa fremu, kina tundu la milimita 10 lenye nyuzi za milimita 1. Mzee akafungua gia akaiweka pembeni, akachukua ringi la nyuma la mountain ya mtumba lililokuwa limetundikwa kwenye tawi, lile la kufunga kwa leva, ekseli yake nayo ni 10 kwa 1, akaifyatua kidogo ikatokeza, akaizungusha kwenye lile tundu. Ikaingia kama imezaliwa humo. Sasa baiskeli ikawa na maringi mawili nyuma yamesimama sambamba, moja la kwake moja la wageni, na ukiangalia kwa juu unaona kabisa hili la kuazima limeinama. Akalishika kwa mikono miwili akalivuta kidogo kidogo, anaachia, anaangalia, anavuta, mpaka nafasi kati ya maringi ikawa sawa juu na chini na mbele na nyuma, anapima kwa spoku aliyoivunja kwa urefu. Dakika 20. Akafunga gia ikaingia zote. Akanidai elfu 3. Ingekuwa alumini kile kijikono kikipinda sana kinakatika, na fremu za alumini na kaboni zinakuja na kijikono cha kubadilisha ambacho mara nyingi kila kampuni ina umbo lake, sasa wewe kipate cha umbo lako hapa Tabora, utasubiri wiki nzima kama bahati ipo.

Haya tuje kwenye matairi, na hapa naomba usome polepole manake watu wengi wanapigwa hapa. Tairi zinazouzwa kila duka la huku ni za 28, na ukiwa na resi au gravel, yaani resi ya njia zote kama hii yangu, muuzaji atakwambia hii nayo ni 28 chukua tu. Usichukue. 28 ya Phoenix inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Resi zote za kisasa zinazoandikwa 700C rimu yake ni 622. Tofauti ni milimita 13, kwa macho huioni, ila ukivalisha tairi la 635 kwenye rimu ya 622 linacheza kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto na ukijaza upepo linachomoka. Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa maandishi madogo, mfano 40-622, ya kwanza upana ya pili kipenyo, wewe soma hiyo ya pili achana na maneno mengine. Inayofanana na yako ni mountain ya 29, hiyo nayo ni 622 hiyohiyo, imepewa jina lingine tu. Kwahiyo ukikwama na ukakuta tairi la 29 dukani, rimu italikubali, kinachobaki ni swali moja tu, je fremu ina nafasi? Manake hizo za 29 nyingi ni inchi 2 na zaidi, yaani milimita 50 kwenda juu.

Ndo maana nasema nunua nafasi. Ya kwangu bila madigadi inameza mpaka 45, nikiwa na madigadi 40, na kipimo changu ni alenkii ya milimita 6, inatakiwa ipite kila upande kati ya tairi na fremu bila kukwaruza. Kama ningerudi siku ile Dar na hela ileile ningetafuta inayomeza 50 ili 29 nyembamba iingie, hilo ndo jambo moja kubwa ninalolikosa kwenye hii baiskeli na nalisema wazi.

Niliweka 40 mbele na nyuma, mstari wa katikati laini na pembeni vimeno vidogo. Kwenye lami nazijaza psi 50, zinanguruma kidogo tu. Nikifika pale njia inapoacha lami natoa upepo mpaka 30 hivi, kwa kidole, nimeshazoea mlio wake. Mimi nina kilo 68, wewe mzito zaidi usishuke hivyo rimu itagonga jiwe. Kwenye kichanga kirefu mbinu ni kurudi nyuma kwenye tandiko, weka gia nyepesi, zungusha miguu haraka bila kukanyaga kwa nguvu, mikono legeza kabisa acha ringi la mbele litafute njia lenyewe, ukilibana tu linajichimbia. Kwa 40 napita sehemu kama 8 kati ya 10 ambazo resi ya 23 ilinishusha. Hizo 2 zilizobaki nasukuma na sioni aibu, hata pikipiki zinashusha abiria hapo.

Valvu nayo ni stori. Rimu zilikuja na tundu dogo la milimita 6 na nusu, la ile valvu nyembamba ya resi, na tyubu zake hapa mjini huzipati. Tyubu za valvu nene kama ya pikipiki zipo, na za valvu ya Phoenix zipo kila kona, zote mbili zinataka tundu la 8 na nusu. Rimu zangu ni pana, milimita 21 kwa ndani, kwahiyo fundi akazitoboa zikawa 8 na nusu akapiga tupa kwenye kingo zisikate tyubu. Rimu nyembamba za resi halisi usitoboe zitapungua nguvu. Toka hapo nikipata pancha sehemu yoyote yenye watu, tyubu ninayo, na hata pampu ya kijiji inanifaa. Na pancha zipo jamani, hasa kuanzia mwezi wa 6 mbigili zikikauka, ile yenye miba mitatu minne inakaa imesimama popote ilipo, ukipita kwenye uwanja wa shule moja unatoka na 5. Kuna watu wanasifia tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, na ile dawa ya maji ndani, inaziba kweli, nimeona kwa kijana mmoja aliyetoka Mwanza, ila kwa joto letu dawa inakauka ndani ya miezi michache unatakiwa uongeze na huku haiuzwi. Mimi nimekata tyubu kuukuu kwa urefu nikailaza kati ya tairi na tyubu mpya, imeongeza uzito kidogo lakini pancha zimepungua sana.

Gia nilizo nazo ni 3 mbele na 9 nyuma, mbele meno 48, 36 na 26, nyuma 11 mpaka 32. Watu wa sasa wanapenda moja mbele na 11 au 12 nyuma, ni rahisi kutumia sikatai, ila angalia hesabu. Kwa tairi langu mzunguko mmoja wa ringi ni mita 2.2 hivi. Gia nyepesi kabisa, 26 kwa 32, nikizungusha pedeli mara moja nasogea chini ya mita 1.8, hiyo ndo inanipandisha na mzigo. Nzito kabisa 48 kwa 11 nasogea mita 9.6, nyingi kuliko ninavyohitaji kusema kweli. Ya jirani yangu ya 28 gia ni moja, nilihesabu meno yake nikapata mita 5.3, na anaenda nayo kila mahali kwa miguu yake mwenyewe, namheshimu.

Kwanini 9 na si 11. Mpaka 9, zile leva za Shimano za kwenye usukani wa resi zinakubaliana na gia ya nyuma ya Shimano ya mountain ya rika hilohilo, waya unavutwa kwa kipimo kilekile. Kuanzia 10 walibadilisha vipimo, ya resi na ya mountain hazielewani tena. Na mountain za mtumba ndo zimejaa huku, kwahiyo siku gia yangu ikivunjika nachinja mountain moja naendelea na safari. Cheni ya 9 nayo naipata kwa kuagiza Mwanza au Dar, naweka moja ya akiba nyumbani. Cheni ya 12 sijawahi hata kuiona dukani hapa.

Breki ni za diski za kuvutwa na waya. Hizi nazipenda hasa masika, manake rimu zikijaa tope breki za mpira zinateleza na zinasaga rimu kama msasa. Ila waya wake una jambo, leva za resi zinataka waya wenye kichwa kama tone, waya wa mountain una kichwa cha pipa na hauingii vizuri, usilazimishe, mimi natembea na nyaya mbili za akiba nimezikunja ndani ya bomba la tandiko. Pedi za diski nazo hazipo mjini, jozi moja mwezi wa 2 uliopita ilikwisha kwa wiki tatu za tope la mbuga, nilisikia chuma kinasaga chuma nikiwa nateremka, moyo ukaruka. Agiza jozi 4 kwa mpigo. Diski za mafuta zinashika vizuri zaidi kwa kidole kimoja, ila Shimano wanatumia mafuta ya madini na ukiweka yale ya DOT ya dukani kwa pikipiki unaharibu mipira yote ya ndani. SRAM aina nyingi zinatumia DOT, kwahiyo mafuta utayapata, lakini vifaa vya kutoa hewa hutavipata. Waya tu jamani.

Tope la mbuga nimelitaja, niongeze hapohapo kwamba madigadi zile za kubana karibu na tairi masika ni balaa. Ule udongo mweusi unapanda, unajaza, baada ya mita 100 ringi halizunguki kabisa, nimewahi kukaa pembeni ya njia ya Ulyankulu nachokoa kwa kijiti nusu saa. Sasa hivi kuanzia Novemba navua mpaka mvua ziishe mwezi wa 4. Nachafuka mgongo ila nafika.

Sasa swali la yule mzee wa Phoenix. Inabeba nini? Dumu la lita 20 la asali, watu wanadhani ni kilo 20, asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4 kwahiyo dumu lile ni kilo 28. Nililifunga juu ya keria siku moja nikitoka upande wa Sikonge, kwa mpira vizuri kabisa. Kwenye mwendo wa polepole hakuna shida. Nikafika kwenye mteremko mdogo, kama 30 kwa saa, fremu ikaanza kutikisika, usukani unacheza kushoto kulia wenyewe, kadri ninavyoubana ndo unazidi. Nikabana magoti kwenye bomba la juu, nikashika breki ya nyuma taratibu, ikatulia. Nilisimama pale dakika 10 moyo unadunda. Zile bomba nyembamba zinazofanya baiskeli iwe nyepesi ndo hizohizo zinazojinyonga ukiweka kilo 28 juu na nyuma. Phoenix ya 24 kilo hilo dumu haiisikii, spoku 40 nyuma, keria ya nondo. Wiki iliyofuata nikagawa asali kwenye vidumu viwili vya lita 10, kimoja kila upande, chini usawa wa ekseli. Kilo zilezile 28. Ikaenda kama reli. Kwahiyo jibu, mzee wangu, inabeba kilo 30 ukizigawa na kuzishusha, zaidi ya hapo ya kwako inashinda na itaendelea kushinda.

Kwa sababu hiyo angalia mambo haya kwenye fremu, matundu ya skrubu nyuma kwa ajili ya keria na mbele kwenye uma, na urefu kutoka ekseli ya pedeli mpaka ekseli ya nyuma. Wangu ni sentimita 44 na nusu. Resi za mashindano ni kama 41, kisigino kinapiga begi kila mzunguko, utavumilia kilomita 5 ya 6 utalitupa begi. Spoku ziwe 32 angalau nyuma, 36 bora.

Usukani ndo kitu ambacho watu wa mtaani wanauogopa zaidi na mimi ndo nimeupenda zaidi. Upana wangu ni sentimita 46 na zile pembe zinafunguka kwa nje kidogo, kwenye njia mbovu nashika chini, mikono inakuwa mipana na breki iko vidoleni, siogopi. Kwenye lami nakaa juu kwenye vichwa vya breki, nikichoka nahamia kwenye bapa la juu, nikikutana na upepo nashuka chini. Mwezi wa 7 niliondoka saa 11 alfajiri kwenda Kaliua kupitia Ndono na Urambo, siku mbili nikilala Urambo, upepo wa kiangazi unatoka mashariki kwahiyo kwenda unakusukuma mgongoni unajiona bingwa. Kurudi ni uso kwa uso. Nilishika chini kwenye pembe saa nzima nzima, kifua karibu na usukani, na nikatunza mwendo wa 18 ambao kwenye ile mountain ungekuwa 13 na maumivu juu. Viganja havikufa ganzi hata kidogo. Ukizidiwa kule kuna reli, mstari wa Kigoma unapita Urambo na Kaliua, hiyo inanipa moyo kila nikipanga safari za upande ule, na mwakani Mungu akipenda naunganisha Nguruka, Malagarasi, Uvinza mpaka Ujiji.

Kitu kimoja cha pembeni lakini kitakusaidia. Mabegi yangu yalikuwa bluu iliyokoza, na ukipita Sikonge kwenda Ipole msituni mbung'o walikuwa wananifuata mimi tu, wanatua kwenye begi kama nimewaita. Afisa mmoja wa nyuki akaniambia mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nikayashonea mabegi mifuko ya kaki juu. Wapo bado, ila wamepungua kabisa.

Malalamiko mengine madogo, nikikata kona kali polepole ncha ya kiatu inagusa madigadi ya mbele, kwenye kichanga hilo limenikaribisha chini mara mbili. Tandiko lililokuja nalo lilikuwa gumu bila sababu, nimeweka la ngozi la zamani nililopata kwa fundi, wiki tatu za mwanzo ni mateso, sasa limekaa umbo langu silibadilishi. Utepe wa usukani unachakaa, nimezungushia tyubu ya Phoenix iliyokatwa, inashika hata mikono ikiwa na asali.

Jumla nimetumia kama milioni 1 na laki 2, ukiweka tairi, keria, akiba za pedi na nyaya. Ni hela nyingi, Phoenix mpya na chenji inabaki. Kama kazi yako ni mkaa, magunia, abiria, chukua Phoenix usiangalie nyuma. Kama ni kama yangu, mwendo mrefu mzigo wa kati na njia zinazobadilika mara nne kwa siku, tafuta chuma, rimu ya 622, nafasi ya 45 au 50, waya kila mahali, 9 nyuma. Ukiwa unaikagua nenda na ringi lenye tairi pana ulivalishe hapohapo mbele ya muuzaji, akikataa ondoka.

Wiki iliyopita nimekutana na mzee tena pale kwenye mzani. Nikamwamkia "Mwangaluka baba," akaitikia, akaangalia vidumu viwili vilivyoning'inia pembeni, akainama akasukuma kimoja kwa kiganja kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Akaniomba nimwonyeshe zile ndoano nilizitengenezea wapi, nikamwelekeza kwa mchomeleaji, elfu 6 kwa jozi, nondo ya milimita 8, na umwambie akunje kabla hajachomelea manake za kwanza zilikatika pale pale kwenye kichomeo.